Nyeupe Ipi, Mheshimiwa?

Kwetu Kikoneni mtu akishika pesa, ziwe za korosho, za mtoto aliyeko Saudia au za kipande cha shamba, jambo la kwanza ni kuezua makuti na kupiga mabati. Mvua ya kwanza ikinyesha hamsikilizani humo ndani, lakini mwenye nyumba anatabasamu tu. Teremka sasa upande wa bahari, kuanzia Msambweni kwenda Diani, uone mambo. Kule mtu akishika pesa anaezua mabati na kupiga makuti. Basi malori yanapishana barabarani, moja linapandisha mabati, jingine linateremsha makuti, na madereva wanapungiana mikono kama kwamba hakuna ajabu yoyote.

Mimi ni wa lori linaloteremka. Akina mama wa kwetu wanashona makuti ya viungo, jani la mnazi likikunjwa juu ya ufito na kushonwa moja baada ya jingine. Mimi nakusanya, nahesabu na kupakia. Ndivyo nilivyojuana na mtaa mmoja mdogo wa ufukweni, ambao sitautaja kwa sababu bado nawadai. Una nyumba kama thelathini: wenyeji wachache wa Kidigo waliobaki baada ya ndugu zao kuuza, wastaafu wa Nairobi, Mjerumani mmoja na mkewe, daktari wa meno, na nyumba kadhaa za kupangisha wageni wa wikendi. Walipoamua kuandika mwongozo wa sura za nyumba zao, walinifanya katibu. Walitaka mtu wa hapa, anayejua kuandika, na asiyekuwa na ugomvi na jirani hata mmoja. Sifa hiyo ya tatu niliipata kwa kuwa siishi pale. Kikoneni haina bahari. Bahari tunaijua kwa harufu ya kreti la mwenye samaki anapopita na pikipiki.

Kwamba nauza makuti nililitangaza siku ya kwanza. Mwenyekiti akasema liandikwe. Nikaliandika, kwa herufi ndogo.

Chanzo cha yote kilikuwa rangi ya kijani. Mwenye nyumba moja ya kupangisha alichoka kupigiwa simu usiku na madereva wa teksi waliopotea, akaipaka nyumba yake kijani kile cha vibanda vya kutuma pesa, kuanzia msingi hadi chini ya paa. Wageni hawakupotea tena. Ila kila Jumamosi kulikuwa na mtu getini anataka kutoa elfu mbili. Jirani wa kushoto akalalamika kwamba mkewe hali chakula kwa sababu ya rangi ile. Kikao kikaitishwa.

Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa benki, mtu wa mifano mikubwa. Alitukumbusha kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001, na kwamba huko hujigusii dirisha lako bila kuuliza. Akatukumbusha pia mwaka 2018, Kaunti ya Mombasa ilipoagiza majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe yenye kingo za buluu. “Kama jiji la watu zaidi ya milioni moja limeweza kuagizwa,” akasema, “sisi nyumba thelathini tutashindwa?”

Kura ikapigwa: nyeupe. Ilipita bila mpinzani, hata mwenye kijani alinyoosha mkono. Ndipo fundi wa rangi, aliyekuwa amekaa kimya mlangoni akisubiri malipo ya kazi nyingine, akauliza, “Nyeupe ipi, mheshimiwa?”

Kumbe dukani nyeupe ni ukoo mzima. Kuna ya maziwa, ya ganda la yai, ya pembe za ndovu, ya lulu, na moja ambayo fundi aliita nyeupe ya hospitali. Tukapaka mabaka ukutani kwa mwenyekiti, baka kando ya baka, tukatoka nje saa sita mchana kuamua. Jua la Pwani saa sita juu ya ukuta mweupe si jambo la kutazamwa. Wajumbe wote walivaa miwani meusi, kisha wakaanza kubishana lipi ni jeupe zaidi. Daktari wa meno alituokoa. Alikwenda garini akaleta kile kipimo chake cha kulinganishia meno ya bandia, vijino vimepangwa kwenye kishikio kuanzia jeupe hadi la mvuta sigara, kila kimoja na namba yake. Ukuta ukapimwa kama mdomo. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha mwongozo wetu, kilichoandikwa kwa mkono wangu, kinasema kuta zote ziwe na weupe wa A2.

Watu wakapaka. Gharama ilikuwa kubwa, na kwa wiki chache mtaa ulipendeza kweli, sitaki kuwa mchoyo. Kisha ikaja masika, baada yake kusi, na unyevu ukakaa ukutani. Ukungu ulianza msingini, ukapanda taratibu hadi kwenye madirisha. Kufikia mwezi wa saba nyumba zote za A2 zilikuwa zinageuka kijani zenyewe, na mtu pekee ambaye hakuhitaji kuita fundi ni yule mwenye nyumba ya kijani, ambaye alikuwa ameahidi kupaka nyeupe “mvua ikiisha.”

Fundi mzee wa mawe, aliyejifunza kazi Lamu ujanani, alitueleza kwa upole kwamba wazee hawakupaka nyeupe kwa urembo. Walichoma mawe ya bahari wakapata chokaa, na chokaa ni kali, ukungu hauipendi. Isitoshe ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu aliirudia kila mwaka Idi ikikaribia. Rangi yetu ya plastiki ilitoka kwenye ndoo yenye bei ya mbuzi. Nani atairudia kila mwaka?

Hilo halikutuzuia kuingia kifungu cha pili, kilichodai nyumba mpya zijengwe “kwa mtindo wa Kiswahili.” Mjumbe mmoja, mwenye kiwanja kitupu na ramani tayari, aliunga mkono kwa nguvu zote. Alitaka dari ya boriti kama za Lamu, vidaka ukutani, mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, na sebule ya mita saba kwa mita saba. Fundi mzee akacheka mpaka akakohoa. Nyumba za mawe za Lamu, alisema, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu, ukizidi sana tatu. Boriti ya mkoko inaishia hapo. Hakuna aliyekaa akachora chumba chembamba kwa kupenda; mti ulisema basi, na ukuta ukawekwa pale mti uliposema. “Unataka mtindo, utafute na mti wa mita saba.”

Mjumbe akaagiza boriti hata hivyo, akazipunguzia sebule kwa kuweka nguzo katikati. Hapo tukakutana na serikali. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, kuuza boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na hata ndani ya nchi hukati bila kibali cha Huduma ya Misitu. Tena sisi tuko jirani na Gazi, ambako wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu kati ya mwaka 2013 na 2014, na pesa zake zimewaletea maji na vitabu vya shule. Yaani jirani zetu wanalipwa ili mkoko ubaki umesimama, na sisi tumeandika kifungu kinachotaka ulale darini. Afisa aliyekuja kuuliza zile boriti zimetoka wapi aliuomba mwongozo wetu ausome. Aliusoma wote. Kisha akauliza ni nani aliyeuandika, na nikajikuta nimeshikwa na shughuli ya kutafuta kalamu.

Suluhisho lilitoka kwa kijana mmoja wa Ukunda anayefinyanga vitu vya bustani. Alimwaga boriti za simiti, akazichora mafundo na magamba, akazipaka rangi ya mkoko. Zilifanana mno. Mjerumani wetu alizipaka dawa ya mchwa.

Sasa makuti. Nakiri kifungu hiki nilikiandika kwa mwandiko mzuri kuliko vyote: mapaa yote yanayoonekana kutoka ufukweni yaezekwe makuti ndani ya mwaka mmoja. Mwenyekiti aliposoma kwa sauti nilishikwa na kikohozi. Nikapeleka habari Kikoneni, na akina mama wakaanza kushona hadi usiku.

Makuti ni kitu kizuri. Nyumba inapumua, mchana wa kaskazi unalala chini yake bila feni, na mvua ukiisikia ni kwa mbali. Lakini yanataka mteremko mkali ili maji yakimbie, yanataka kubadilishwa kila miaka mitano au sita, ukibahatika saba, na yanataka usiwe na kima. Diani wana bahati ya mbega, mnyama mpole wa majani, na shirika la uhifadhi limewatundikia ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Sisi tuna kima. Kima anachimba makuti akitafuta wadudu, anavuta kiungo kimoja, anakitazama, anakitupa, anavuta cha pili. Kwa daktari wa meno walitoboa tundu wakateremka hadi jikoni, na mmoja akakaa juu ya friji akila siagi kwa mkono. Mke wa daktari alipiga yowe. Kima akamwonyesha meno. Daktari anasema yalikuwa A1.

Halafu kukawa na moto. Usiku wa mwaka mpya, mpangaji mmoja alirusha fataki, na moja likatua juu ya banda la nyama choma. Yeyote aliyewahi kuona makuti yakishika anajua hakuna muda wa majadiliano. Banda lilikwisha kabla mtu hajapata nambari ya zimamoto. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu, na nyumba zilipona kwa sababu ya fundi mzee. Sisi tulikuwa tumepanga mstari wa ndoo kutoka kwenye kidimbwi cha kuogelea tukimwagia banda linaloungua. Alikuja na shuka kiunoni, akatufokea tuliache: banda limeshakwenda, lowesheni mapaa ya jirani! Mwenyekiti alipinga kwa utaratibu, akisema hatuwezi kumwaga maji juu ya paa la mwanachama bila idhini yake. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilimlowesha mwenyekiti kidogo, kwa haraka ya kazi.

Baada ya hapo kampuni za bima zikaanza kuuliza maswali, na kontena la makuti ya plastiki likateremshwa mtaani. Yametengenezwa kiwandani, hayashiki moto upesi, hayaozi, na kima hawayataki. Kwa mbali hutofautishi. Kwa karibu yote yana mpasuko ule ule pahali pale pale. Watu waliyapigilia juu ya mabati yao ya zamani, mwongozo ukatimizwa, na mimi nikabaki na mzigo wa lori zima Kikoneni. Nililieleza hilo kwenye “mengineyo.” Halikujadiliwa.

Vifungu vingine nitavipitia mbio. Matangi meusi ya maji yafichwe: mmoja akalijengea lake kibanda cha fito na makuti juu ya paa, kizuri kama cha mlinzi wa shamba la mpunga, na nyuki wakahamia wote. Hakuna aliyethubutu kupanda kusafisha tangi tangu hapo. Nguo zisianikwe upande wa bahari: mama mmoja mwenyeji akaitikia bila ubishi, akahamishia kamba yake upande wa pili, unaotazamana na kibaraza cha mwenyekiti. Kila asubuhi alianika kanga moja tu, maandishi yakiwa yamenyooshwa vizuri na vibanio viwili kila upande. Mwenyekiti aliisoma kwa wiki tatu, kila siku maneno mapya, kisha akaleta hoja ya kukifuta kifungu. Ilipita.

Ajabu ni kwamba hatukuwa na mamlaka yoyote ya kufanya haya. Kibali cha ujenzi kinatolewa na kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kamati ya majirani ina nguvu kwa yule aliyetia saini tu. Kwa hiyo nilitumwa nyumba kwa nyumba na karatasi na wino wa kidole gumba.

Nikafika kwa Bibi. Nyumba yake iko katikati ya mtaa, imeingia pale kabla ya barabara, kabla ya umeme na kabla ya hati za watu wengi: nguzo za miti, fito, udongo umekandikwa kwa mkono, na makuti yaliyoshonwa na wajukuu. Ndiyo nyumba pekee iliyokuwa na kila kitu ambacho mwongozo wetu ulikuwa unakiigiza kwa simiti na plastiki. Kwenye orodha ya ukaguzi ilikuwa na makosa manane.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea makuti?”

“Leo nimeleta karatasi, bibi. Ni mwongozo wa nyumba. Wanataka utie kidole.”

“Unasemaje?”

Nikamsomea. Alisikiliza vizuri, akiondoa mawe kwenye mchele. Nilipofika kwenye paa la makuti alinyamazisha ungo.

“Hao wenye nyumba za mawe wanataka makuti?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na udongo?”

“Wanataka ufanane na udongo.”

“Waambie waje tubadilishane. Mimi na wajukuu tutahamia leo, vitu vyangu ni vichache.”

Nilipeleka ujumbe huo kikaoni kama ulivyo. Umo kwenye kumbukumbu, ukurasa wa mwisho, na haujapata jibu.

Lakini aliyetumaliza nguvu hakuwa Bibi, alikuwa mvuvi. Katika mtaa wote lilibaki paa moja la mabati mekundu, la nyumba ya zamani ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na hajibu barua. Mwenyekiti alilichukia paa lile kama mtu. Akapata hatimaye ruhusa ya mwenyewe kwa simu, na siku ya kuliezua ikapangwa. Asubuhi hiyo mvuvi mmoja mzee akaja kikaoni, amelowa hadi magotini, akaomba kusema neno.

Alisema wao wakitoka nje ya mwamba hawaoni weupe wetu, hawaoni makuti yetu, wala milango yetu ya nakshi. Wanaona mvinje na minazi, mstari mmoja wa kijani kuanzia huku hadi kule. Katika mstari huo kuna kitu kimoja kinachojitenga, nacho ni lile paa jekundu. Ukiliweka chini ya mbuyu mkubwa ulio nyuma yake, uko sawa na mlango wa mwamba, ingia. Ukiliona kulia kwa mbuyu, utapasua ngalawa. “Baba yangu alikuwa na alama nyingine, mnazi uliokatwa kujengwa hapa,” akasema, akionyesha sakafu tuliyokanyaga. “Hili nalo mkiliondoa, mtuambie mtasimamisha nini.”

Hakuna aliyesema. Mjerumani, ambaye huvua samaki Jumapili kwa boti ndogo ya injini, alikiri kwamba hata yeye huingilia paa lile.

Alipoona tumenyamaza, mvuvi akaongeza la pili. Kwa nini tunahangaika na sura za nyumba wakati hazionekani? Kutoka njiani mtu anaona ukuta, mita tatu, chupa zilizovunjwa juu yake na nyaya za umeme, mwanzo hadi mwisho wa mtaa. Na ukuta huo umefunga njia ambayo wavuvi walipita na nyavu zao tangu zamani. Siku hizi wanazunguka hadi kwenye hoteli na kuulizwa na askari wanakwenda wapi.

Nilipekua kumbukumbu zote. Tulikuwa tumeijadili nyeupe kwa miezi, na neno ukuta halikuwa limetajwa hata mara moja.

Mwongozo uliopo leo ni ukurasa mmoja na nusu. Kuta ziwe nyeupe, au rangi yoyote isiyomfanya mtu aje kutoa pesa. Paa liwe lolote mwenye nyumba ataweza kulizima likiwaka. Paa jekundu lisiguswe, na likichakaa lipakwe jekundu tena kwa gharama ya wote. Njia ya kwenda pwani ifunguliwe kati ya nyumba ya daktari na ile ya kijani, upana wa watu wawili wenye nyavu. Mwenyekiti alitia saini akiwa amechoka, na njia ilifunguliwa wiki hiyo hiyo, kabla hajapumzika akabadili mawazo.

Bibi amepiga mabati mwaka huu, ya buluu, kwa pesa za mjukuu. Alichinja kuku watatu na kamati yote ilikula.

Kama mtaa wenu nao unataka kuandika mwongozo, katibu mtafuteni mwingine. Lakini lile lori la makuti bado liko Kikoneni, viungo vimeshonwa karibu karibu, vinahesabiwa mbele yako, na bei ya usafiri tunaelewana.